Namna ya kumrudia mkeo uliyemkosea: niliyojifunza kati ya Tunduma na Ilula

Kwa miaka kumi, 2003 hadi 2013, niliendesha lori kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia, na mara nyingine nikavuka Zambia mpaka Lubumbashi, Kongo, kupakia shaba. Nyumba yangu iko Ilula, kando ya barabara hiyohiyo. Nikimaliza kupanda mlima Kitonga na kuanza kuona mashamba ya nyanya nilipiga honi mara mbili, na mke wangu alitoka na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha amevifunga kwenye kitambaa. Nilikunywa nimesimama, nikambeba mtoto kidogo, nikaondoka. Mwanamke huyo tulikutana mwaka 1998 kwenye kwaya ya vijana, mimi nikiimba besi na yeye alto. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2000. Ndiye niliyemfanyia haya.

Miaka ile foleni ya Tunduma ilikuwa ndefu. Unaweza kulala hapo siku tatu, nne, hata wiki, ukisubiri karatasi za forodha. Nikawa na mwanamke mwingine pale, si kwa usiku mmoja bali kwa miaka. Mwaka 2008 akazaliwa mtoto wa kiume.

Leo ni mzee wa kanisa na nina mashine ya kusaga. Vijana wanakuja na debe la mahindi, wanasubiri wenzao waondoke, kisha wanaanza: "Baba, nina jambo limenielemea." Nimewasikia wengi hadi nimeona heri niyaandike. Nimemwandikia mwanaume aliyekosea, lakini mwanamke aliyekosea naye atajiona humu.

Acha kwanza, ndipo ukiri

Usiende kuomba msamaha kwa jambo ambalo bado unalifanya. Vunja uhusiano ule kwanza, waziwazi, kwa maneno ambayo yule mwingine hawezi kuyaelewa vibaya. Mimi nilimwambia hivi: "Mimi na wewe tumeishia hapa. Mtoto ni wangu na nitamtunza. Sitakuja tena kulala kwako." Naye alistahili heshima. Nilimdanganya yeye pia, kwa kuwa aliamini ndoa yangu ilikuwa imekufa. Usimtukane ili uonekane umetubu.

Halafu nenda kituo cha afya ukapime Virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa kabla hujamgusa mkeo. Rudia baada ya miezi mitatu, kwa sababu maambukizi mapya yanaweza yasionekane kwenye kipimo cha kwanza. Wakristo wengi tunaruka hatua hii tukiona kama inachafua toba. Mkeo ana haki ya kujua uliweka nini mwilini mwake. Umwambie akapime naye, na gharama ya nauli iwe yako.

Sema yote, na useme mara moja

Kama utasoma sehemu moja tu ya maandishi haya, soma hapa.

Juni 2011 mke wangu aliona ujumbe kwenye simu yangu. Nikashtuka, nikakiri robo: kwamba ilitokea mara moja tu, imekwisha, hakuna kilichobaki. Alilia siku mbili, akanisamehe. Alinisamehe kweli, maana alirudi kucheka, na tulikuwa tukipiga magoti pamoja kila nilipopita nyumbani. Septemba 2012 nikiwa naoga simu ikaita, akapokea. Sauti ikamwambia mtoto amelazwa, itumwe hela ya dawa.

Alisimama mlangoni na simu mkononi. "Mtoto yupi?"

Mtoto wa miaka minne.

Baadaye sana, hasira ilipokuwa imetulia, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "La mwanamke nilikuwa nimeshalimaliza. Kilichonivunja ni kwamba ulinifanya nimwambie Mungu nimesamehe, kumbe sijui nilichokisamehe." Msamaha wake wa kwanza niliuiba, kwa kuwa nilimuuzia deni lisilokuwa na hesabu kamili. Na ule wa pili ulikuwa mgumu mara kumi, kwa sababu sasa kila nililosema alijiuliza kama ni robo nyingine.

Kwa hiyo kaa chini na daftari. Mimi nilinunua daftari kubwa la kaunta pale Makambako, nikaandika nikiwa ndani ya lori usiku mbili mfululizo. Andika ilianza lini. Iliisha lini. Kuna mtoto au hakuna. Umetumia fedha kiasi gani: mimi nilikuta nilikuwa nikituma elfu arobaini kila mwezi, na mkopo wa SACCOS niliosema ni wa matairi sehemu yake ilikwenda kumpangia chumba. Nani mwingine anajua: utingo wangu alijua, madereva wenzangu wanne walijua, na hilo la watu kujua lilimuuma kuliko hela. Afya yako ikoje. Yale yanayobadilisha maisha ya mkeo yote yaingie.

Kisichopaswa kuingia ni mambo ya kitandani. Akiuliza, jibu kwa kweli, lakini usimpelekee picha ambazo atalala nazo miaka ishirini. Kuna ukweli anaouhitaji ili aamue, na kuna ukweli unaokutua wewe mzigo tu. Huo wa pili mpelekee mchungaji.

Mahali na saa

Usimwambie usiku kitandani. Usimwambie kwa simu wala ujumbe. Usimwambie Jumapili asubuhi ili akae ibadani akiwa na kisu moyoni, watu wakimshika mkono na kumwambia Bwana asifiwe. Usimwambie ndani ya gari linalotembea, maana hana pa kwenda. Wala usianze kwa kumwita mchungaji akae katikati, kwa kuwa mbele ya mchungaji mke wa Kikristo ataona aibu kukasirika, na hasira ile inatakiwa itoke.

Mimi nilichagua Jumanne saa nne asubuhi, watoto wakiwa shule. Nilikuwa nimemwomba dada yake, bila kumweleza kitu, awepo nyumbani kwake siku hiyo. Tulikaa nje chini ya mparachichi. Nilihakikisha mlango wa kwenda barabarani uko upande wake.

Maneno

Mwana mpotevu katika Luka 15 aliyapanga maneno yake akiwa bado kwenye nguruwe. Yapange na wewe. Na uone kwamba hakuomba arudishiwe chumba chake. Alipanga kuomba awe kama mmoja wa watumishi. Ukienda, usiende umeshika orodha ya unayotaka kurudishiwa.

Kuna maneno tunayoyapenda mno, na ninakusihi uyaache mlangoni. La kwanza ni "shetani alinipitia." Nimelisikia kwenye vikao vya usuluhishi zaidi ya neno jingine lolote, na kila mara namwona mke anavyoinamisha uso. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani. Mimi ndiye niliyeegesha. Daudi katika Zaburi ya 51 hamtaji shetani hata mara moja, anasema dhambi yangu, makosa yangu, uovu wangu. La pili ni "kama nimekukwaza, samahani." Hakuna "kama." La tatu ni "ni mambo ya safari," na ndugu zake: "ni ujana," "na wewe ulikuwa mbali nami." La nne ni baya kuliko yote kwa kuwa limevaa joho la kanisani: "Biblia inasema usamehe saba mara sabini." Yesu alimjibu hivyo Petro, aliyeuliza kuhusu kusamehe kwake mwenyewe. Hakumpa mkosaji aya hiyo akamchape nayo aliyemkosea.

Nilichosema mimi kilikuwa kifupi. "Mke wangu, nimekukosea. Mwaka jana nilikudanganya tena nilipokuwa nakiri. Nimeandika yote, nitakusomea, na baada ya hapo hakuna kingine nitakachokificha. Sikuombi unisamehe leo." Nikasoma. Mikono ilitetemeka hadi daftari likaanguka, akaliokota yeye, akamalizia kusoma mwenyewe kimya kimya. Akaingia ndani. Nilimsikia akifungua kabati.

Akiondoka

Aliondoka wiki saba, kwao. Ukiachwa na nyumba tupu utatamani kutuma watu siku hiyohiyo. Subiri. Dereva yeyote anayeshuka Kitonga na mzigo anajua: unaingiza gia ndogo tangu juu, unaacha injini ikuzuie, unashuka polepole ukiwa na aibu ya kupitwa na mabasi. Anayetegemea breki peke yake, zinachemka katikati, na zikichemka hazishiki tena. Wiki ya kwanza niliandika ujumbe mmoja tu: watoto wazima, wamekula, ada imelipwa. Nikawa nautuma kila Jumamosi, bila neno la mapenzi ndani yake.

Wiki ya nne nilimwendea mshenga wetu, yule yule aliyepeleka barua ya posa. Hii ndiyo njia ya kwetu na naiona ina hekima, kwa sababu mshenga alisimama kama shahidi wa ahadi zangu, kwa hiyo ana haki ya kuniuliza zimekwenda wapi. Tukaenda naye. Baba mkwe hakunipa kiti kwa muda mrefu. Nikasimama. Alipouliza nimemfanya nini binti yake, nikasema yote tena, pale mbele ya shemeji zangu, bila kupunguza. Walinitoza faini, mbuzi na blanketi la mama mkwe. Usibishane na faini. Zakayo hakusubiri kutozwa, alitaja mwenyewe nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Wakwe wanapokutoza wanakupa kitu cha kushika mkononi, kwa sababu aibu isiyo na kipimo haina mwisho.

Siku ile mke wangu hakurudi nami. Alirudi baada ya wiki tatu, peke yake, kwa basi, na alichosema ni hiki: "Nimerudi nyumbani kwangu. Kwako bado."

Kanisa na nyumba havina kalenda moja

Kwetu Walutheri, mimi nilitengwa na meza ya Bwana. Nilipitia mafundisho kwa mchungaji, na Jumapili moja mwaka 2013 nikasimama mbele ya usharika, nikaungama, nikarudi kundini. Waumini walinipa mkono. Wanawake walipiga vigelegele. Nilitoka nje nikiwa mwepesi kama mtoto.

Nikafika nyumbani nikidhani na huku sherehe inaendelea. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho.

Hapa ndipo wanaume wengi wa kanisani wanapoharibu. Tunasema: Mungu amenisamehe, kanisa limenipokea, wewe ni nani? Mungu anaona moyo, kwa hiyo anaweza kusamehe kwa dakika moja. Mkeo haoni moyo, anaona miguu yako inakwenda wapi, na miguu inahitaji miaka. Soma Mwanzo 42 hadi 45. Yusufu alilia kwa siri kwa ajili ya ndugu zake tangu walipokuja mara ya kwanza, mapenzi yalikuwepo. Bado hakujitambulisha. Aliwapima mpaka Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kumuuza, aliposimama na kusema achukuliwe yeye mtumwa badala ya Benyamini. Hapo ndipo Yusufu alishindwa kujizuia. Kusamehe ni kazi ya aliyekosewa, lakini kuaminika tena ni kazi yako wewe.

Nyumbani kwangu ilikuwa hivi. Simu yangu niliitoa namba ya siri, nikaiacha mezani, hata alipokuwa hataki kuitazama. Safari nilizobaki nazo nilimpigia kila mizani: niko Kibaha, niko Makambako, nimelala ndani ya gari. Mara nyingi alijibu "sawa" na kukata. Fedha ya mtoto niliituma mbele yake, ujumbe wa muamala akauona. Alipouliza swali lilelile kwa mara ya thelathini, nilijibu kama ni mara ya kwanza, kwa maneno yaleyale, kwa kuwa kilichokuwa kinapimwa ni kama jibu litabadilika. Mwisho wa 2013 nikaacha udereva kabisa. Mshahara ulipungua zaidi ya nusu, na mashine ya kusaga miaka miwili ya kwanza haikuleta kitu. Si kila mtu anaweza kuacha kazi. Ila jiulize ni mlango gani uliopitia, na kama unaweza kuufunga, ufunge, hata ukikugharimu.

Kulikuwa na siku mbaya. Lori likipiga honi mara mbili barabarani usiku, mke wangu alikuwa anageukia ukutani. Nilijifunza kutosema kitu, niamke nikachemshe maji ya chai.

Mtoto

Msimwite mtoto "matokeo ya dhambi." Ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimuulizi alizaliwa ndani ya ndoa au nje: chakula, malazi, matibabu na shule ni wajibu wa mzazi. Nilihakikisha cheti chake cha kuzaliwa kina jina langu. Kuna wazee walionishauri nimchukue tu mama yake awe mke wa pili ili mambo yatulie, niliwajibu kwamba ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyohivyo.

Usimlazimishe mkeo ampende mtoto huyo. Usimlete nyumbani bila mkeo kuulizwa. Mimi nilimtembelea yule kijana mchana, nyumbani kwa bibi yake, nikiwa na shemeji yangu au mzee mwenzangu. Mke wangu alinyamaza kuhusu yeye miaka mitatu. Kisha mwaka 2015, siku moja akishona kiraka, akauliza: "Anavaa viatu namba ngapi?"

Sikujua. Akanitazama muda mrefu. "Baba mtu hujui?" Nikapiga simu kuuliza.

Kwa wewe uliyekosewa

Neno fupi kwako, mama au baba. Kusamehe hakukulazimishi kurudi kesho, wala kurudi kabisa. Unaweza kumwachia Mungu kisasi na bado ukadai kipimo cha afya, hesabu ya fedha, na muda. Ikiwa anakupiga, usikae ukisubiri atubu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, umwombee ukiwa mahali salama. Mchungaji anayekuambia uvumilie kipigo amekosea, na nasema hivi nikiwa mzee wa kanisa. Na ukiamua kusamehe, usimruhusu akukimbize. Omba asome daftari lote kwanza.

Mapenzi yenyewe

Wananiuliza, je, mnapendana kama zamani? Zamani nilimpenda kwa honi mbili na chai ya kusimama. Sasa tunakaa. Alhamisi jioni jumuiya inapokutana kwetu tunapanga viti pamoja, na watu wakishaondoka tunabaki barazani, yeye anachambua maharage, mimi nasoma somo la Jumapili ijayo kwa sauti. Alirudi kwaya mwaka 2016. Mimi nilimwomba ruhusa kabla ya kurudi besi, akafikiri wiki nzima, akasema haya.

Novemba 2022 yule kijana alipata kipaimara kule Tunduma. Nilikuwa nimepanga kwenda peke yangu asubuhi na kurudi kesho yake. Usiku nilikuta mke wangu amepiga pasi shati jeupe la mikono mirefu, jipya, na pembeni ndoo ya nyanya nzuri alizozichagua moja moja.

Nikamwambia nitamfikishia.

"Nani kasema utafikisha?" akasema. "Kata tiketi mbili. Na mimi nikae dirishani, nataka kuiona hiyo barabara."